Mtoto Aliyeomba Msamaha kwenye Maikrofoni

Ndugu zangu, mshangilieni Bwana pamoja nami kabla hata sijaanza! Nina ulimi unaosema leo, na kuna watu walioapa kwamba ulimi huu hautamaliza sentensi moja mbele ya watu.

Majina yao sitayataja, maneno yao nitayataja. Mwalimu wangu wa darasa la nne, pale Kibomet nje ya mji wa Kitale, alimwambia mama yangu nikiwa nimesimama papo hapo: "Mama, huyu mtafutie ng'ombe achunge. Kusoma hataweza." Jirani yetu mmoja alipenda kuuliza kwa sauti, nguo za kitandani zikiwa juu ya ua, "Kijana mkubwa hivi bado anakojoa kitandani, ataoa nani?" Binamu zangu waliwekeana dau kwamba siku ya kutahiriwa nitakimbia. Na fundi mmoja mjini alitazama mikono yangu akacheka, akasema mkono unaotetemeka hauwezi kushika bisibisi.

Sasa nisikilizeni! Mimi Wafula nina diploma ya umeme. Si karatasi ya semina ya siku mbili, ndugu zangu. Ni diploma ya miaka mitatu, ina muhuri! Nimefanya kazi Qatar miaka sita, nikapitisha nyaya katika majengo ambayo ukitazama juu kofia inaanguka. Nimerudi. Nimejenga nyumba ya matofali ya vyumba vinne pale pale Kibomet. Nina duka la vifaa vya umeme mjini Kitale, na ukiona nyumba mpya inawaka taa kule Kachibora, uliza aliyeifunga stima ni nani. Najisifu? Ndiyo, najisifu! Mungu amenipa cha kujisifia, nitanyamazaje?

Lakini ushuhuda huu si wa diploma. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilidhani ni wa diploma. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo alilibeba mtoto wangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa vibarua. Leo anapakia mahindi kwenye lori, kesho anachanganya simiti. Akikosa kazi alikunywa, akipata kazi alikunywa. Mimi na mama tulikuwa mabingwa wa nyayo. Hatua ndefu zenye nafasi zilikuwa salama. Hatua fupi zinazoburuta zilikuwa taabu. Alimpiga mama, nikilia alinipiga kwa kulia, nikinyamaza alinipiga kwa kunyamaza. Asubuhi majirani wakimuuliza mama kuhusu jicho lake, alisema ameteleza bafuni. Ndugu zangu, tuliishi chumba kimoja. Hatukuwa na bafu! Na hakuna jirani hata mmoja aliyesema, "Mama Wafula, bafu lipi?"

Mama husema nilianza kuongea mapema, tena niliongea sana. Nikiwa na miaka sita maneno yakaanza kunikwama. Herufi moja ingeweza kunishika mpaka mtu achoke kusubiri aondoke. Mwili wangu nao ulisimama. Wenzangu walirefuka, mimi nikabaki na kaptula ile ile misimu mitatu. Shuleni nilikaa nikitazama ubao, lakini masikio yangu yalikuwa nyumbani. Nilikuwa nikijiuliza baba ameamkaje, mama yuko wapi, jioni itakuwaje. Mwalimu akiinua mkono kuandika juu ya ubao, mimi niko chini ya dawati! Darasa zima lilicheka. Darasa la tatu nililirudia mara mbili, na kila mtu akaamini nimezaliwa na kichwa kigumu. Hakikuwa kigumu. Kilikuwa na kazi nyingine!

Sasa nifike kwenye siku ambayo Mungu aliniinua mara ya kwanza.

Kwetu Wabukusu, kijana akikaribia kutahiriwa huvaa njuga mikononi akaenda na wenzake kuwaalika jamaa, wakiimba njia nzima. Kituo kikubwa ni kwa mjomba, ndugu wa mama. Mjomba huchinja, na humvisha kijana ukanda wa nyama shingoni. Kabla ya kumvisha humkaripia vikali, hata kumzaba kofi, aone kama yuko tayari. Kijana hatakiwi kupepesa jicho.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulitoka kwa babu, nje kidogo ya mji wa Bungoma, tukaenda mpaka Kanduyi kwa Mjomba Simiyu. Mjomba huyu alikuwa mziba pancha kando ya barabara, mtu wa sauti kubwa na utani mwingi. Tulifika na jasho na vumbi, wimbo umepamba moto, uwanja umejaa watu. Mjomba akatoka na ukanda wa nyama. Akauinua juu kwa mkono wa kulia, akanguruma, "Wewe! Nani amekuita hapa? Umekuja kula nyama yangu ama umekuja kuwa mwanaume?"

Niliuona ule mkono juu. Basi. Nilichuchumaa, nikafunika kichwa kwa mikono yote miwili, na mkojo ukanitoka mbele ya ukoo mzima wa mama yangu.

Wimbo ukakatika. Halafu vikaanza vicheko.

"Ati huyu ndiye wa kesho?"

"Mrudisheni kwa mama yake, bana! Atatuaibisha!"

Binamu yangu mkubwa alikuwa akirukaruka kwa furaha: "Si niliwaambia? Si niliwaambia? Leteni pesa yangu!"

Mjomba hakucheka. Alimpa mtu mwingine ile nyama, akanishika bega, akanipeleka nyuma ya nyumba. Akaniinua shati. Akapitisha kidole juu ya makovu ya mgongoni. Kisha akauliza, "Na dada yangu?" Nilitaka kumjibu, neno likakwama. Nikagusa jicho langu kwa kidole.

Alirudi uwanjani akasema, na maneno yale ninayo mpaka leo: "Nani amesema huyu ni mwoga? Huyu amepigwa mpaka mwili wake unajificha wenyewe. Sasa atakayecheka tena, acheke akienda kwake." Hakuna aliyecheka. Akachukua ule ukanda, akanivisha polepole, mkono wake ukitokea chini, kama mtu anayemzoeza ndama mgeni. Akaninong'oneza: "Kesho hakuna wa kukupiga. Ni kisu tu, na kisu kinakuja mara moja kinaenda."

Ndugu zangu, asubuhi ile nilisimama kama nguzo ya stima! Sikupepesa! Sikutikisika! Waliokuja kuona aibu walirudi nyumbani na njaa yao. Binamu yangu alirudisha pesa ya watu mbele yangu, na nikahakikisha nimemtazama usoni.

Nilipopona, mjomba alikwenda Kibomet na ndugu zake watatu. Hawakumgusa baba. Walisimama mlangoni tu, na mama akatoka na mfuko mmoja. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamwishia. Hatukurudi tena kwake, tukahamia Kanduyi kwa mjomba. Alikufa miaka kadhaa baadaye, tukamzika, sikulia.

Kanduyi kulikuwa na kelele kuliko Kibomet! Mjomba alipiga kelele kwa wateja, kwa mbwa, kwa redio, kwangu. "Wafula! Wapi jeki? Unalala ukiwa umesimama?" Mimi nilikuwa nafunga macho nikisubiri kofi. Kofi halikuja. Kesho yake kelele tena, kofi halikuja. Mwili wangu ulichelewa sana kupata hizo habari. Ulichukua zaidi ya mwaka. Lakini ulipozipata, mambo yakafunguka! Nilianza kusoma maandishi kwenye malori yaliyosimama kuzibiwa pancha, herufi moja moja, mpaka nikawa nayasoma kabla hayajasimama. Nilianza kuita wateja, "Upepo hapa! Upepo!" na neno halikukwama. Kitanda kikakauka. Nikarefuka kwa mwaka mmoja kama mahindi yaliyopata mvua. Mama aliyekuwa haimbi akaanza kuimba akifua.

Mengine mnayajua, maana nayasema kila mahali. Nilimaliza shule nikiwa mzee kuliko prefekti. Niliingia chuo Bungoma, nikatoka na diploma. Nilimwoa Nasimiyu, msichana wa Kachibora, mwanamke mwenye akili nyingi na maneno machache. Tulipata mtoto, Emanueli, tunamwita Ema. Alipokuwa wa mwaka mmoja nikaenda Qatar.

Miaka sita nilimlea Ema kwa simu. Mtoto aliongea huyo! Aliniambia kuku wameangua wangapi, na nani amempiga nani shuleni, na kwa nini jogoo hataki kulala. Salio langu liliisha yeye bado yuko kwa jogoo. Nilikuwa nawaambia wenzangu kambini, "Mwanangu atakuwa wakili."

Nikarudi. Na hapa, wanaume wenzangu, sogeeni karibu, maana sitarudia.

Nilirudi nikiwa na fikra moja: mtoto wangu hatapita nilikopita. Atakuwa wa kwanza darasani, ataongea bila kukwama, hatatetemeka mbele ya mtu. Na ili asipite huko, nilimwekea sheria. Daftari likichafuka, sheria. Sahani ikivunjika, sheria. Nyuma ya mlango wa sebuleni nilitundika kipande cha waya, ule ule tunaofunga kwenye nyumba. Sikunywa pombe. Sikupiga kwa hasira, ndivyo nilivyojiambia. Nilipiga nikiwa mkavu, kwa hesabu. Kosa dogo mbili, kosa kubwa nne. Nilimweleza sababu kabla, na baadaye nikamtaka aseme, "Asante, baba." Nilijiona bingwa! Baba yangu alipiga kama mlevi, mimi nilipiga kama msomi.

Mke wangu sikumpiga. Nilipiga meza. Nilipiga mlango. Mara moja nilipiga ukuta karibu na kichwa chake. Nikajihesabu kuwa mume mwema, kwa sababu mkono haukumfikia.

Kidogo kidogo nyumba yangu ikawa kimya, na mimi nikaita kimya hicho heshima. Ema akaacha habari za jogoo. Godoro likaanza kuanikwa nje tena. Mwalimu akaniita akasema mtoto ameshuka sana, anakaa tu akitazama dirisha. Nikarudi nyumbani nikaongeza hesabu. Ndugu zangu, mimi! Mimi niliyekaa chini ya dawati! Niliona dalili zote, moja moja, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe, na sikuzitambua. Nilikuwa nimeshasema nimekombolewa. Aliyekombolewa anajikagua nini?

Ikafika Jumapili moja. Kanisa letu la Kibomet liliniomba nishuhudie, na kweli siku hiyo nilishuhudia! Nilivaa suti ya Qatar. Nikasimulia nyayo za baba, nikasimulia njuga, nikasimulia Kanduyi. Akina mama walilia. Wanaume walipiga makofi. Nikamaliza kwa kusema, "Mungu amevunja laana ya kipigo katika ukoo wetu, na tunda lake ni huyu hapa!" Nikamwita Ema mbele akariri aya aliyofundishwa pamoja na watoto wenzake.

Alikuja. Alisimama kando yangu, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alifungua kinywa akakwama. Herufi ya kwanza tu, ikamshika. Kanisa likamsubiri kwa upole. Nikaona maikrofoni iko juu sana kwake. Ndugu zangu, ni maikrofoni tu! Niliinua mkono niishushe.

Ema alichuchumaa. Akafunika kichwa kwa mikono miwili. Na kwa kuwa mkono wangu uliendelea kuishusha ile maikrofoni mpaka karibu na kinywa chake, kila mtu kanisani alisikia, na waliokuwa nje barabarani wakasikia, kwa sababu spika zetu ni kubwa na nilizifunga mimi mwenyewe: "Sitarudia, baba. Sitarudia, sitarudia."

Hayo hayakukwama hata kidogo. Yalitoka laini, kama kitu ambacho mtu amekifanyia mazoezi.

Sikumbuki mchungaji alisema nini. Nakumbuka kiatu changu kilivyong'aa, nilikuwa nakitazama. Tulirudi nyumbani kwa miguu, Ema amemshika mama yake mkono wa mbali na mimi. Tulifika langoni. Ndipo Nasimiyu akasema, bila kupandisha sauti, "Wafula, leo umeshuhudia vizuri sana. Mtoto amekumalizia."

Aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba cha mtoto, akabaki naye humo. Sikumlaumu. Nilisimama uani nimevaa suti, na mchana ule ule nikashika njia ya Kanduyi.

Mjomba Simiyu alikuwa na mpira wa ndani kwenye karai la maji, anatafuta mapovu. Kuniona tu akaanza: "Mheshimiwa wa Qatar! Leo umekumbuka sisi watu wa pancha? Ama suti imepata pancha?"

Nilitaka kumjibu kwa utani. Neno likakwama. Baada ya miaka ishirini, ndugu zangu, ulimi ukafunga mbele ya mtu aliyenifungulia! Nilisimama pale natikisa kichwa kama mtoto. Mjomba akaacha kucheka. Akanivutia ndoo niketi. Nikamweleza yote, kwa shida, neno kwa neno.

"Unampiga mara ngapi?"

"Si kama baba," nilisema. "Mimi nahesabu."

"Unahesabu."

"Ndiyo, mjomba."

"Baba yako hakujua hesabu. Wewe umesoma, ndio umejua." Alifuta mikono yake kwenye suruali. "Mimi nilikutoa kwa baba yako, Wafula. Sasa huyu mtoto, nani atamtoa kwako? Niambie. Niite ndugu zangu tuje tena Kibomet? Tumezeeka, lakini tutakuja. Tutasimama kwa hiyo mlango yako ya Qatar, na Nasimiyu atatoka na mfuko."

Hilo lilinivunja. Nilimwona Nasimiyu na mfuko mmoja. Nilimwona Ema akipita karibu yangu bila kunitazama, na mimi nimesimama mlangoni napiga kelele mpaka sauti inaniishia. Nilianguka pale kwenye mafuta na vumbi, na suti yangu yote. Nililia kwa ajili ya Ema. Nikashangaa namlilia pia baba yangu, yule ambaye sikumlilia kaburini, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua anachohisi mtu anayeachwa ndani ya mlango ule. Mjomba alipiga magoti kando yangu na magoti yake mabovu. Aliomba kwa sauti yake ile ile ya kumkemea mbwa! "Bwana, huyu nimemleta mara ya kwanza. Leo amekuja mwenyewe. Mshike!" Wapita njia walisimama kutazama. Na watazame! Nilihisi kitu kimenitoka kifuani kama upepo unavyotoka kwenye gurudumu. Nikasema, "Nisamehe, Bwana," na ulimi ukafunguka!

Haleluya, ndugu zangu! Lakini msikimbilie kupiga makofi. Nami nilifikiri yamekwisha siku hiyo.

Nilifika nyumbani nikachukua ule waya nyuma ya mlango na koleo langu, nikapiga magoti mbele ya Ema na mama yake. Nikaukata vipande vipande. Nikamwambia, "Baba alikosa. Hutapigwa tena. Umeisha."

Ema alivitazama vile vipande. Kisha akasema, kwa hesabu nzuri ya mtoto wa mfanyabiashara, "Lakini dukani kuna rola nzima ya waya."

Kweli, dukani kulikuwa na rola kumi na moja! Mtoto hakuwa anaogopa waya, alikuwa ananiogopa mimi, na mimi sikatwi kwa koleo. Ndipo nilipoelewa kwamba Mungu amenifungua kwa siku moja, lakini mwili wa mtoto wangu utachelewa kupata hizo habari, kama wangu ulivyochelewa.

Nilimtafuta mama mmoja mshauri pale Kitale, anayesaidia watoto na wazazi, na sioni aibu kusema. Mimi mwenye diploma nilikaa kwenye kiti kidogo cha plastiki nikafundishwa. Aliniambia mtoto anayeishi kwa hofu, ubongo wake unafanya kazi moja tu, kulinda. Kusoma, kuongea, kucheza, hata kukua, vyote vinangoja. Nikamwambia, "Mama, hiyo naijua! Ni swichi kuu inayojizima mzigo ukizidi. Nyumba yote inaingia giza, na mtu anakuja kulaumu balbu!" Alicheka, akasema ndiyo, ni hivyo hivyo. Miaka yote ile mimi nilikuwa naipiga balbu.

Nikajifunza. Nilijifunza kumwita Ema kutoka mbali kabla sijamkaribia. Nilijifunza kuchuchumaa nikiongea naye. Hasira ikinijia nilitoka nje nikalizunguka tangi la maji. Siku za kwanza nililizunguka mpaka nikatengeneza njia! Nasimiyu alikuwa dirishani anahesabu, "Baba Ema, leo tisa!" na nikasikia katika sauti yake kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi. Alikuwa ananitania. Na Jumapili iliyofuata nilisimama tena kanisani, bila suti, nikasema, "Ushuhuda wangu wa wiki iliyopita ulikuwa na uongo, na mnajua nani aliusahihisha." Wanaume wanne walinifuata nje baada ya ibada. Kila mmoja alianza kwa kusema, "Mimi sipigi kama wewe, lakini..."

Miezi ilipita. Godoro likaacha kutoka nje, nikalifurahia kuliko mshahara wa kwanza wa Qatar. Lakini Ema alibaki mpole. Akivunja kitu alikificha. Akiulizwa alisema ndiyo kwa kila jambo. Niliomba, "Bwana, huyu si yule wa jogoo. Nirudishie yule."

Sasa shikeni viti! Jumamosi moja mwezi uliopita, nilikuwa ndani nakunywa chai. Nikasikia mlio nje, kioo, tena kioo kikubwa. Halafu nyayo za mbio. Nikangoja zielekee nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako hujificha. Hazikwenda huko. Zilikuja moja kwa moja mlangoni, na Ema akaingia anahema, mpira chini ya kwapa.

"Baba, kuja uone! Nimevunja kioo ya gari!"

"Ya mbele?"

"Ya mbele yote! Ni mimi, si Brayo. Brayo alikuwa golikipa." Akavuta pumzi, akanitazama machoni, akaongeza, "Lakini baba, si ni wewe uliweka gari kwa goli yetu? Kwani hukuona mawe ya goli?"

Ndugu zangu, mtoto alinigombeza! Katika nyumba yangu, mbele ya chai yangu, mwanangu aliniambia nimeegesha vibaya! Niliruka. Nilipiga kelele ya shangwe, nikatoka mpaka uani, nikalitazama lile pikapu lililojaa vigae, nikaanza kumsifu Mungu kwa kucheza. Jirani akachungulia juu ya ua. "Fundi, kuna nini? Si huyo kijana umwadhibu kidogo?"

"Amenieleza mwenyewe!" nilimjibu. "Amekuja mwenyewe!"

"Ati unafurahia kioo?"

"Na taa za nyuma akitaka nitampa!"

Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, anacheka na kulia. Ema alitutazama kama watu waliopotewa na akili, kisha akarudi kwa Brayo kueleza kwamba goli lilikuwa halali.

Ndugu yangu unayenisikiliza, sijui wewe hupiga kwa hesabu au bila hesabu, wala sijui kama ni wewe unayepigwa. Kama unapigwa, kosa si lako, wala kichwa chako si kigumu. Mwambie mtu mmoja, na akinyamaza, mwambie wa pili. Na kama mkono ni wako, usingoje kanisa zima lisikie. Nenda leo kwa anayeweza kukukemea bila kukuogopa, kisha umwamini Bwana akushike hapo. Mimi nilikuwa nimemaliza kuokoka kwa maoni yangu, na bado alinipokea kama mgeni wa siku ya kwanza. Asante, Yesu! Asante kwa Nasimiyu ambaye bado yuko, na kwa mzee wa Kanduyi mwenye makelele!

Jumatatu baada ya kioo kuvunjika nilikuwa na kazi Kachibora. Kioo kipya hakikuwa kimefika. Nilikwenda hivyo hivyo, karatasi ya nailoni upande mmoja, upande wangu wazi, vumbi na manyunyu vikinipiga usoni njia nzima, naimba. Nilipofika, mwenye nyumba na mafundi wake walishika mbavu.

"Mwenye diploma! Kioo kiko wapi?"

Nikashuka, nikajifuta tope kwenye paji, nikasimama wima mbele yao wote.

"Mwanangu amekivunja," nikasema, "na ni mimi niliyeegesha vibaya."